Mtoto aliyechelewa chanjo: apewe zote siku moja, zigawanywe, au tusubiri?

Mtoto ana miezi 19. Kadi yake ya kliniki imejazwa chanjo za kuzaliwa na za wiki ya sita, halafu chini yake hakuna kitu. Sababu huwa za kawaida kabisa: familia ilihama, mama alirudi kazini, mtoto alibaki kwa bibi, zahanati ya jirani iliishiwa na hakuna aliyekumbuka kurudi. Katikati ya mwaka 2025 vituo vingi nchini Kenya viliishiwa chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu, na ya polio, na wazazi waliofika kwa wakati wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo kadi yenye mapengo haimaanishi mzazi ni mzembe.

Ila sasa mtoto anatembea, anacheza na wenzake mtaani, na nyumbani mjadala umeanza. Baba anasema apewe zote zilizobaki kwa mpigo. Shangazi anasema zigawanywe, moja kila mwezi, mwili usizidiwe. Jirani anasema msubiri kwanza aanze kuongea vizuri, au apone mafua, au ije kampeni ya serikali. Nimezilinganisha njia hizi tatu na sitajifanya sina upande. Ya kwanza ndiyo bora kwa karibu kila mtoto. Ya pili inakubalika ikipangwa vizuri, na wengi hawaipangi vizuri. Ya tatu ndiyo inayowaacha watoto bila kinga katika umri ambao wanaihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Hesabu haianzi upya

Hili lisemwe mapema, maana ndilo linalowazuia wengi kurudi kliniki. Wazazi wengi wanaamini mtoto aliyekatiza ratiba ataanzishwa tena dozi ya kwanza. Sivyo. Penta, ile chanjo ya tano-kwa-moja, aliyochomwa akiwa na wiki sita inahesabika hata kama mwaka mzima umepita, kwa sababu mwili unaikumbuka. Anaendelea na ya pili. Muda unaoangaliwa kwa makini ni ule wa chini: kati ya dozi moja na nyingine ya chanjo ile ile zisipungue wiki nne.

Chanjo inayofungiwa mlango na umri ni ya rota, ile ya matone ya kuzuia kuhara kukali. Shirika la Afya Duniani halioni haja ya kumpa mtoto aliyevuka miezi 24, kwa sababu hatari kubwa ya ugonjwa huo inakuwa imeshapita, na nchi nyingi hufunga mapema zaidi. Nyingine zote kwenye kadi bado zinamsubiri mtoto wa umri huu.

Ratiba ya kawaida ya Tanzania ni hivi: BCG na matone ya polio akizaliwa, penta, chanjo ya nimonia na matone ya polio katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, rota wiki ya 6 na ya 10, sindano ya polio wiki ya 14, kisha surua-rubela miezi 9 na miezi 18. Penta peke yake imebeba kinga ya magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib anayeleta homa ya uti wa mgongo na nimonia. Kenya inafanana kwa sehemu kubwa, isipokuwa katika kaunti za magharibi na za Ziwa, kama Homa Bay, Siaya na Kakamega, ambako kuna pia chanjo ya malaria. Dozi yake ya nne hutolewa miezi 24, wakati ambapo familia nyingi zimeshaaga kliniki.

Mtoto yule yule, kalenda mbili

Turudi kwa mtoto wetu wa miezi 19 mwenye dozi za wiki ya sita tu.

Wazazi wakichagua kumaliza kwa mpigo, siku ya kwanza atapata surua-rubela ya kwanza, penta ya pili, nimonia ya pili, sindano ya polio, na matone mdomoni. Ni sindano nne, mbili kila paja, au nyingine mkononi, zikiachana angalau sentimita mbili na nusu. Wiki nne baadaye anarudi kwa surua-rubela ya pili, maana miezi 18 ameshaivuka, pamoja na dozi nyingine zilizotimiza muda wake. Penta ya mwisho huenda muuguzi akaisogeza mbele zaidi, kwa kuwa kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja nafasi ndefu kabla ya dozi ya tatu huipa kinga maisha marefu. Fuateni tarehe atakayoandika. Kwa ziara mbili au tatu mtoto huyu amewafikia wenzake, na tangu ziara ya kwanza ameanza kujenga kinga ya magonjwa yote yaliyobaki.

Wakichagua sindano moja kila mwezi, mbele yao kuna sindano saba hivi na ziara saba. Kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni karibu miezi sita. Atamaliza akiwa amevuka miaka miwili, na kila mwezi wa katikati kutakuwa na ugonjwa ambao bado uko wazi kwake. Hesabu hiyo inadhani hakuna ziara itakayoruka. Anayeishi nasi anajua zinavyoruka: mvua imekata barabara, kuna msiba, nauli haipo, bosi hakutoa ruhusa. Mtoto huyu alichelewa kwa sababu ziara zilimshinda mlezi wake. Kumpa mlezi huyo huyo ziara nyingi zaidi ni kumrudisha palipomkwamisha.

“Mwili mdogo, sindano nne”

Hofu hii inatokana na mapenzi, na inastahili kujibiwa.

Kuhusu kinga yenyewe: mtoto anayetembea huokota, hulamba, hula na mikono yenye udongo, na kila siku mwili wake unapambana na vijidudu vingi kuliko vipande vichache vilivyomo kwenye sindano nne. Kinga haina tangi linalojaa. Tena kuna ugonjwa unaoidhoofisha kinga ya mtoto kwelikweli, nao ni surua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba virusi vya surua hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga, hivyo mtoto aliyepona hubaki dhaifu mbele ya magonjwa aliyokuwa ameshayazoea. Anayeahirisha chanjo ya surua ili kuihurumia kinga ya mwanawe anaiweka kinga hiyo mbele ya adui wake mkubwa.

Kuhusu homa: penta ya serikali hutumia bakteria mzima wa kifaduro aliyeuawa, ndiyo maana paja huvimba na joto hupanda jioni ile au kesho yake, kisha hutulia ndani ya siku moja au mbili. Chanjo ya surua-rubela haina haraka hivyo. Homa yake, kwa watoto wanaoipata, huja kati ya siku ya 7 na ya 12, wakati mwingine na vipele vidogo. Kwa hiyo hata zikichomwa dakika moja, homa za chanjo hizi mbili hukutana mara chache. Shangazi anayetaka kuzitenganisha ili joto lisirundikane, mwili umeshamtenganishia.

Kuna wazazi wa Dar es Salaam na Nairobi wanaokwenda hospitali binafsi kutafuta chanjo ya sita-kwa-moja yenye vipande tu vya bakteria wa kifaduro. Ni kweli inaleta homa kidogo na uvimbe kidogo. Ni kweli pia kwamba kinga yake dhidi ya kifaduro huchuja mapema kuliko ile ya bakteria mzima, na bei yake si ya kila mtu, wakati ya serikali ni bure. Mwenye uwezo na aliyeipata leo, ampe mtoto leo. Anayesubiri mshahara wa mwezi ujao ili aipate hiyo badala ya penta iliyopo zahanati, hapo sikubaliani naye.

Degedege la homa nalo hutajwa sana. Hutokea kwa wachache, linatisha kulitazama, na kwa walio wengi halimwachii mtoto madhara ya kudumu, ingawa mtoto akipata degedege lolote apelekwe hospitali. Tafiti za Marekani ziliona kwamba baada ya chanjo yenye surua, degedege hilo liliwapata zaidi watoto waliochanjwa kati ya miezi 16 na 23 kuliko waliochanjwa kati ya 12 na 15. Maana yake, kusogeza mbele hakupunguzi hatari hiyo. Kwa aliyekwisha chelewa, dawa ni kujua siku za homa na kukaa macho: maji au maziwa ya kutosha, nguo nyepesi, na parasetamo kwa kipimo cha uzito wake joto likipanda. Asipewe parasetamo kabla ya sindano kwa kujihami, kwa sababu imeonekana kupunguza kiasi cha kinga kinachojengeka.

Linabaki suala la maumivu, na hapa ndipo nadhani wazazi hukosea hesabu zaidi. Mtoto wa miezi 19 ana kumbukumbu ambayo wa wiki sita hana. Akichomwa nne leo, atalia sana, atabebwa, atanyonya kama bado ananyonya, na jioni atacheza. Akichomwa moja moja kwa ziara saba, kuanzia ya tatu atalia akiliona geti la kituo. Mpakate wima mapajani, usimlaze chali akashikiliwa na watu wawili. Mwombe muuguzi aanze na sindano isiyouma sana, ile ya nimonia aiweke mwisho.

Kusubiri: lakini kusubiri nini?

Jirani alitaja mambo matatu, na hayana uzito sawa.

La kwanza, asubiri aanze kuongea. Nyuma ya ushauri huu kuna hofu kwamba chanjo ya surua huleta usonji. Ilienezwa na makala ya daktari mmoja wa Uingereza mwaka 1998, ambayo jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Baada yake zimefanywa tafiti kubwa. Moja ya Denmark iliyotoka mwaka 2019 ilifuatilia watoto 657,461, na waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Dalili za usonji huanza kuonekana wazi kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, umri ule ule wa chanjo ya surua, na mzazi aliyeumia huunganisha mawili yaliyokutana. Simlaumu. Lakini tazameni yaliyowapata ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaoishi Minnesota, Marekani. Familia nyingi za Kisomali kule hazikukataa chanjo. Ziliamua tu kuisubirisha mpaka mtoto aongee. Katika takriban miaka kumi, watoto wao waliokuwa wamechanjwa surua walipofika miaka miwili walishuka kutoka asilimia 92 hadi asilimia 42. Mwaka 2017 surua ikaingia, watu 75 wakaugua, wengi wao watoto wadogo wa jamii hiyo. Hilo lilitokea kwenye mji wenye hospitali kubwa na watoto walioshiba. Kwetu, mwaka 2022, surua iliua watoto katika halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi.

Surua haina mpinzani kwa kuambukiza. Virusi vyake hubaki hewani hata saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani, na kati ya watu kumi wasio na kinga waliokaa karibu naye, tisa wataugua. Mtoto anayesubiri hana pa kujificha.

La pili, isubiriwe kampeni. Naelewa mvuto wake: wahudumu wanakuja hadi mtaani, hakuna foleni, hakuna maswali. Sasa tazama tarehe. Kampeni za surua-rubela nchini Tanzania zilifanyika Oktoba 2014, Oktoba 2019 na Februari 2024. Mtoto aliyezaliwa Novemba 2019 na kusubiri kampeni angeikuta akiwa na zaidi ya miaka minne. Tena kampeni huja na chanjo moja au mbili. Ile ya polio ya Septemba 2023, baada ya kirusi kugunduliwa Sumbawanga, ilileta matone kwa mikoa ya kusini-magharibi na magharibi. Haikuleta penta wala chanjo ya nimonia. Kampeni ikija mpelekeni hata kama kadi imejaa. Ratiba ya mtoto haiwezi kuegemezwa juu yake.

La tatu, apone kwanza. Hapa pana ukweli ndani yake, na umetanuliwa kupita kiasi. Mafua, kikohozi chepesi, homa ndogo, kuharisha kidogo, meno kuota, kutumia dawa ya minyoo au antibayotiki: hakuna hata kimoja kinachozuia chanjo. Mtoto wa umri huu huwa na mafua nusu ya mwaka, hivyo anayengoja pua ikauke anangoja sana. Mwenye utapiamlo ndiye wa kuwahishwa, kwa sababu surua na nimonia humpiga vibaya zaidi. Wa kusubiri kweli ni mtoto mgonjwa kiasi cha kulazwa, na huyo achanjwe akipata nafuu, hata kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mtoto aliyewahi kubanwa pumzi au kuvimba uso muda mfupi baada ya dozi iliyopita asirudie chanjo hiyo bila daktari. Mwenye kinga iliyoshuka sana, kwa saratani au VVU iliyofika mbali, naye daktari ndiye wa kuamua kuhusu chanjo zenye virusi hai.

Kuna hoja nyingine ya kusubiri ambayo watu huisema kwa sauti ya chini: watoto wengi wamechanjwa, wetu atajificha nyuma yao. Kwa surua hoja hiyo ni dhaifu, kwa pepopunda haipo kabisa. Vijidudu vya pepopunda viko kwenye udongo na samadi, havitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Hata kama mtaa mzima umechanjwa, mtoto anayekimbia pekupeku na kukanyaga msumari analindwa na dozi zilizo mwilini mwake tu.

Ukibaki unataka kugawa

Kuna mzazi ambaye amesoma yote haya na bado moyo unakataa sindano nne. Heri agawe kuliko aahirishe, na agawe hivi.

Kanuni ya wiki nne inahusu dozi za chanjo ile ile. Haihusu chanjo tofauti. Penta leo na ya nimonia wiki ijayo, sawa. Surua-rubela leo na sindano ya polio Jumatatu, sawa. Kizuizi kipo kwa sindano mbili za virusi hai, mfano surua-rubela na homa ya manjano kwa wanaoishi Uganda au Kongo: hizo zichomwe siku moja, au ziachane wiki nne. Kwa hiyo kwa kila awamu ya dozi mzazi huyu anahitaji ziara mbili ndani ya wiki moja, hahitaji ziara saba za mwezi mmoja mmoja. Siku ya kwanza surua-rubela na penta, pamoja na matone. Ziara ya pili nimonia na sindano ya polio. Surua itangulie kwa sababu ndiyo inayosambaa haraka kuliko zote, na penta iwe pamoja nayo kwa sababu imebeba matano.

Mlangoni kwa muuguzi

Akina mama wengi wamekiri kwamba wanachoogopa zaidi ni kufokewa: “Mama, ulikuwa wapi mwaka mzima?” Wapo wahudumu wanaosema hivyo mbele ya foleni, na ni kosa, maana neno hilo moja linaweza kumfanya mama asirudi. Ukilisikia, jibu kwa utulivu: “Dada, nimechelewa, ndiyo maana nimekuja leo. Naomba tuangalie kadi, tuone zipi anaweza kupata sasa hivi zote.” Ukitaja neno “zote” unasaidia, kwa sababu mhudumu mwenye haraka anaweza kutoa moja na kukupangia mwezi ujao.

Ulizia pia siku ya surua. Chanjo ya surua-rubela huja kama unga kwenye kichupa cha dozi kadhaa, na kikishachanganywa na maji yake, kinachobaki hutupwa baada ya saa sita. BCG nayo ni hivyo. Ndiyo maana vituo vingi huchagua siku maalumu, au humwambia mama mwenye mtoto mmoja asubiri wenzake wafike. Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa cha surua kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Kituo kisipofanya hivyo, usiondoke bila kuchomwa nyingine zilizopo, na uandikiwe tarehe ya karibu ya surua. Unaishi mbali, ulizia huduma mkoba inapita lini kijijini kwenu. Mtoto akiwa pale pale apewe pia tone la vitamini A kama miezi sita imepita tangu la mwisho. Ndiyo inayomlinda macho surua ikimpata.

Kadi ikiwa imepotea, kituo alikochanjwa mwanzo kina daftari, na mara nyingi jina lake limo. Lisipopatikana, achukuliwe kama hajachanjwa na aanze. Dozi ya ziada inaweza kuvimbisha paja. Kukosa dozi kunaweza kumwachia mtoto ugonjwa. Kovu la BCG mkononi ni ushahidi wa chanjo ile moja tu, halisemi lolote kuhusu nyingine. Omba kadi mpya siku hiyo hiyo, hakikisha tarehe ya kurudi imeandikwa, ipige picha kwa simu, na mtumie bibi anayekaa na mtoto, maana huenda yeye ndiye atakayempeleka.